Kutoa na kufunga injini ya Hilux kuukuu: mwongozo kamili kwa wenye pikapu za kazi Malindi

Kutoa injini kwenye gari si kazi ya kutisha. Ukiwa na cheni bloki nzima, spana zinazoshika na kijana mmoja msikivu, injini iko nje kabla ya adhuhuri. Kinachowashinda watu ni kingine. Gari linatoka gereji likiunguruma vizuri, halafu baada ya siku chache linarudi likivutwa kwa kamba: limechemsha, au klachi inalia, au dizeli haifiki kwenye nozeli na betri imekufa kwa kupigwa stata.

Maswali yanayonifikia ni hayo hayo. Kwa hiyo mwongozo huu umekaa zaidi pale watu wanapoharibia: kabla ya kugusa bolti, pale injini inapokutana na gea boksi, na dakika za kwanza za kuwasha. Mfano wangu ni Hilux ya dizeli ya zamani, yenye injini ya 2L au 3L (ni majina ya injini, si lita), zile zinazobeba mawe ya kujengea, magunia ya chumvi kutoka Gongoni na maembe msimu ukifika. Mwenye Isuzu atafuata mpangilio huu huu, ila nafasi za bolti na hosi zitabadilika.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Cheni bloki ya tani moja au zaidi, pamoja na mahali pa kuitundika (soma hatua ya 4).
- Jeki mbili na stendi nne. Jeki pekee haimshikii mtu gari.
- Soketi na spana za namba 10 hadi 22, upau mrefu wa soketi, na spana ya kupimia nguvu. Kama huna hiyo ya mwisho, azima.
- Cheni fupi ya chuma na bolti nene za kufungia kwenye injini.
- Mafuta ya kulegeza kutu, grizi ya joto kali, silikoni ya gasketi.
- Klachi kamili: sahani, presha pleti, rilizi beringi, na ile beringi ndogo inayokaa katikati ya nyuma ya injini.
- Taimingi belti na beringi yake ya kukazia, oili sili ya mbele na ya nyuma, themostati, hosi za juu na chini za redieta, fenibelti.
- Chujio la oili, chujio la dizeli, oili ya dizeli 15W-40 na kulanti.
- Mauntingi za injini. Za zamani zimeshaoza hata kama zinaonekana nzima.
- Makopo matupu, tepu ya karatasi, kalamu, na simu yenye chaji.

Usinunue injini ukabaki huna hata senti. Vitu vya orodha hii ndivyo vinavyoifanya injini idumu, na ndivyo mwenye gari anavyotaka kupunguza bei. Fundi, kataa. Mwenye gari, mwache fundi akatae.

## 1. Jua kilichoiua injini ya kwanza

Karibu kila mtu huiruka hatua hii, na injini ya pili inakufa kwa ugonjwa ule ule wa ya kwanza.

Injini hizi za familia ya L zina udhaifu unaojulikana: zikichemsha, silinda hedi inapasuka. Sasa jiulize kwa nini ilichemsha. Huku kwetu jibu la kwanza ni maji. Maji ya kisima Malindi yana chumvichumvi, na dereva akiishiwa njiani anajaza yoyote anayopewa. Chumvi inakula alumini, inajenga gaga ndani ya redieta, na njia za maji zinaziba moja baada ya nyingine.

Toa redieta uipeleke ikafunguliwe matangi na kuzibuliwa kwa fimbo. Kumimina sabuni na kusuuza hakutoshi kwa redieta ya miaka mingi. Ikirudi, mimina ndoo ya maji juu: yanapaswa kutoka chini kwa kasi ile ile unayomimina. Yakijaa na kumwagika juu, redieta bado.

Kama injini ilikufa kwa kukosa oili, tafuta ilikokuwa ikivuja. Kama ilikatika taimingi belti, uliza ilibadilishwa lini. Toyota wanataka ibadilishwe kila kilomita 100,000, na wengi hawaigusi mpaka ikatike na valvu zigongane na pistoni.

Fungua na tangi la dizeli. Utakuta matope, kutu na maji. Lioshe sasa, kabla hujaiwekea uchafu huo pampu ya injini nyingine.

## 2. Nunua injini inayolingana kweli

2L ni cc 2446, 3L ni cc 2779, 5L ni cc 2986. Zote ni ndugu na nyingi hukubali gea boksi ile ile, ndiyo maana watu hutoa 2L wakafunga 3L au 5L bila kuchomelea kitu. Lakini angalia mambo matatu.

Kwanza, pampu. Injini zenye herufi E mwishoni, kama 5L-E au 2L-TE, pampu zake huongozwa na kompyuta. Ukiona pampu ina plagi kubwa ya nyaya nyingi, iache, isipokuwa unanunua na kompyuta na waya zote na una fundi umeme wa kuzifunga. Pikapu ya kazi inataka pampu ya kawaida.

Pili, imetoka kwenye gari gani. Injini nyingi sokoni Mombasa zimetoka kwenye Hiace. Bloki ni ile ile, lakini sampu (bakuli la oili la chini), bomba la kunyonyea oili na vishikio vya mauntingi havilingani na vya Hilux. Hapo utahamisha vya injini yako ya zamani, kwa hiyo usiuze chuma chakavu mapema. Hata Hilux ya magurudumu manne na ile ya mawili, linganisha sampu kabla ya kulipa.

Tatu, afya. Shika bloki kwa mkono kwanza. Ikiwa ya moto, wameiwasha kabla hujafika ili isikuonyeshe inavyosumbua asubuhi. Iwashwe ikiwa baridi mbele yako. Fungua kifuniko cha oili injini ikinguruma: moshi kidogo ni kawaida, ukipuliza kwa nguvu kama kibirika, ringi zimekwisha. Kifuniko chenye utando mweupe mithili ya maziwa, maji yameingia kwenye oili. Ukiweza, pima kompreshani. Injini ya L yenye afya hutoa zaidi ya psi 400 kila silinda. Ikikaribia 300, au silinda moja ikiachana na wenzake kwa zaidi ya psi 70, mwachie mwenyewe.

Dai risiti na karatasi za forodha zenye namba ya injini. Utazihitaji hatua ya mwisho, na usipozidai siku hiyo hutazipata tena.

## 3. Itengeneze ikiwa bado chini

Kazi inayochukua nusu saa injini ikiwa chini, huchukua siku nzima ikiwa ndani ya gari.

Badilisha taimingi belti, beringi yake na sili za mbele. Panga alama za puli tatu, ya kremshafti chini, ya kemshafti juu na ya pampu ya dizeli, kisha zungusha injini kwa spana mizunguko miwili kamili. Alama zikirudi palepale na hukuhisi kitu kikigonga, uko sawa. Usipime kwa stata.

Badilisha sili ya nyuma na beringi ile ndogo ya katikati. Badilisha pampu ya maji ikiwa puli yake inacheza. Weka themostati mpya na uifunge. Najua mafundi wengi wa Pwani huitoa wakidai joto la huku haliihitaji. Katika injini nyingi za Toyota, themostati ndiyo inayofunga njia ya mkato ya maji injini ikipata moto. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka ndani bila kupita kwenye redieta, na gari linachemsha kwenye mlima likiwa na mzigo.

Piga picha namba ya injini sasa, ukiwa bado unaiona vizuri.

## 4. Andaa mahali

Injini hii ni zaidi ya kilo 200. Tawi la mwembe halina cheti. Tawi linaweza kuwa limeliwa na mchwa kwa ndani na kwa nje ni la kijani. Tumia miguu mitatu ya mabomba mazito ya chuma, yaliyofungwa juu kwa bolti na kuunganishwa chini kwa cheni yasitanuke, au boriti ya chuma ya gereji.

Kamba ya jahazi usiifunge kwenye injini, hata kama inavuta mashua ya tani tano. Inateleza, inakatwa na ncha za chuma, na haikupi taarifa.

Ardhi yetu ni mchanga. Jeki na stendi huzama taratibu huku wewe ukiwa chini unatafuta nati. Weka mbao nene na pana chini ya kila stendi, kisha tikisa gari kwa nguvu zako zote kabla hujaingia. Likikaa kimya, ingia.

Usiku wa kuamkia kazi, paka mafuta ya kulegeza kutu kwenye bolti za eksosi, mauntingi na belhauzi (ganda la gea boksi linaloshikana na injini). Gari lililobeba chumvi hata mara chache bolti zake huwa zimeota kutu. Ukiacha mafuta yapenye usiku kucha, utakata bolti chache.

## 5. Fungua kwa mpangilio

Toa betri kwanza, waya wa hasi ukianza. Kisha bonneti, chora mstari kuzunguka bawaba zake ili irudi palepale.

Mwaga maji na oili kwenye vyombo. Oili chafu isiende mchangani. Maji tunayochota yako chini ya mchanga huo huo, na bahari yetu ni hifadhi tangu 1968. Wapaka mbao wanaichukua bure, wape.

Toa grili, redieta (kama hujaitoa) na feni. Kabla ya kuchomoa waya au hosi yoyote, ipige picha, ifunge tepu yenye namba, na upande wa pili nao namba ile ile. Bolti za kila sehemu ziwe na kopo lake. Fundi anayesema anakumbuka yote ndiye anayebakiwa na bolti tano mwishoni.

Fungua kwa utaratibu huu:

- Mabomba ya dizeli, ya kwenda na ya kurudi. Ziba midomo yake kwa plastiki safi. Chembe moja ya mchanga inatosha kuharibu pampu.
- Waya wa mafuta (kebo ya pedali), waya za hita plagi, stata, altaneta, geji ya joto na ya oili.
- Waya wa athi unaotoka injini kwenda kwenye bodi. Uandike kwa rangi nyekundu, nitaeleza baadaye.
- Hosi ya vakyumu iliyo nyuma ya altaneta. Kwenye dizeli hizi pampu ya vakyumu ya breki imebebwa na altaneta, na ina bomba lake la oili.
- Silinda ndogo ya klachi. Ifungue bolti zake tu, ifunge pembeni kwa waya bila kugusa hosi yake. Hapo hutahitaji kutoa hewa kwenye klachi. Mtu asikanyage pedali wakati inaning'inia.
- Pampu ya usukani kama ipo, ifunge pembeni na hosi zake.
- Bomba la eksosi kwenye manifoldi.
- Stata.

Ikamate gea boksi kwa jeki yenye kipande cha mbao juu yake. Ndipo ufungue bolti za belhauzi, za juu zikianza kwa sababu ndizo ngumu kufikika. Mwisho kabisa fungua mauntingi, cheni ikiwa tayari imebeba uzito.

## 6. Inua

Funga cheni kwenye masikio mawili ya kunyanyulia, moja mbele na jingine nyuma upande wa pili, ili injini isizunguke. Inua sentimita chache, simama, zunguka gari ukitazama. Mara nyingi kuna waya mmoja umesahauliwa, na huwa uko nyuma ya hedi.

Vuta injini mbele kwa usawa mpaka shafti ya gea boksi itoke kabisa kwenye klachi, halafu ndipo uinue. Ukiinua mapema unaipinda sahani na unaikwaruza shafti. Mtu asiweke hata mkono chini ya injini inayoning'inia. Ikishavuka bampa, sukuma gari nyuma badala ya kuyumbisha injini, kisha ishushe juu ya matairi chakavu.

Tumia nafasi hiyo. Osha ndani ya boneti, kwangua kutu ya vishikio, paka rangi, angalia nyufa kwenye chesi karibu na mauntingi.

## 7. Klachi

Osha flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) kwa petroli kidogo na kitambaa safi. Ikiwa na nyufa za joto au mitaro, ipeleke ikasagwe. Fungia flaiwili kwa spana ya kupimia nguvu, ukikaza kwa msalaba, kwa kiwango cha kitabu cha injini yako.

Sahani ya klachi ina pande mbili. Upande wenye springi zilizochomoza unatazama gea boksi. Ukiigeuza, gari halitaachia gea kamwe, na utajua baada ya kufunga kila kitu.

Kuiweka sahani katikati ndiko kunakoamua kama hatua inayofuata itakuwa ya dakika kumi au ya mchana mzima. Tumia shafti ya gea boksi chakavu ya aina ile ile. Ukikosa, kipande cha mti kilichochongwa na kuzungushiwa tepu mpaka kibane vizuri kwenye beringi na kwenye meno ya sahani. Kaza presha pleti kidogo kidogo kwa msalaba, kisha chomoa kifaa. Kikitoka na kuingia kwa ulaini bila kukwama, sahani imekaa katikati.

Grizi kidogo tu kwenye meno ya shafti. Ikizidi itarukia sahani na klachi itateleza siku ya kwanza.

## 8. Kutanisha injini na gea boksi

Hapa ndipo mikono inapopoteza subira.

Shusha injini ikiwa na mwelekeo ule ule wa gea boksi. Pandisha au shusha jeki ya gea boksi mpaka mwanya kati ya belhauzi na bloki uwe sawa juu na chini. Usikisie kwa jicho moja. Mmoja atazame kulia, mwingine kushoto. Weka gea ya nne, sukuma injini nyuma kwa mikono, na mwenzako azungushe puli ya mbele polepole kwa spana. Meno yakikutana, utahisi injini ikiteleza yenyewe.

Ukibakiwa na mwanya wa kidole, usiuvute kwa bolti. Hili ndilo kosa linalovunja belhauzi, linapinda sahani na kuua beringi. Belhauzi inatakiwa iguse bloki pande zote kwa kusukumwa kwa mikono tu. Ikigoma, rudi nyuma: ama mwelekeo haujalingana, au sahani haiko katikati, au kuna waya umebanwa.

Ikishakaa, fungia bolti mbili za juu kwa mkono, mbili za chini, kisha zote. Mauntingi zifuate, na kuzikaza iwe mwisho, injini ikiwa imekaa kwa uzito wake.

## 9. Rudisha vilivyotoka

Fuata namba zako kinyumenyume. Mambo mawili yanayosahaulika zaidi ni haya.

Waya wa athi. Ukiusahau, umeme wa stata utatafuta njia nyingine, mara nyingi waya wa mafuta. Utauona ukitoa moshi.

Hosi ya vakyumu na bomba la oili la altaneta. Bila hosi, breki ni ngumu kama mwamba, na utaligundua hilo ukiteremkia daraja la Sabaki. Bila oili, pampu inashika na kuivuruga altaneta.

Jaza redieta kwa kulanti. Kama huwezi, maji ya bomba yaliyosafishwa, kamwe si ya kisima.

## 10. Oili kwanza, dizeli baadaye

Jaza oili mpaka alama ya juu ya kijiti. Andaa lita 6 hivi. Jaza na chujio kabla ya kulifunga.

Sasa chomoa waya mmoja wa solenoidi (kizimio cha dizeli cha umeme) iliyo nyuma ya pampu ya dizeli. Injini haitawaka, na ndivyo tunavyotaka. Piga stata sekunde 10, pumzika dakika moja, rudia mpaka taa ya oili izime. Sasa oili imefika kwenye beringi zote kabla injini haijachukua kasi. Taa isipozima baada ya mara kadhaa, usirudishe waya. Tafuta kwa nini.

Rudisha waya. Bonyezabonyeza kitufe kilicho juu ya chujio la dizeli mpaka kiwe kigumu. Legeza nati za mabomba kwenye nozeli zote nne, piga stata, na dizeli itaanza kutema povu, halafu dizeli tupu. Kaza moja moja. Wanaoua betri ni wale wanaoruka hapa.

Washa hita plagi, piga stata. Moshi mweupe wa kukohoa mwanzoni ni hewa iliyobaki. Ukiendelea baada ya injini kupata moto, angalia taimingi ya pampu. Taa ya oili lazima izime ndani ya sekunde chache. Isipozima, zima gari hapo hapo.

Acha ingurume bila kukanyaga mafuta, kifuniko cha redieta kikiwa wazi tangu ikiwa baridi, ukiongeza maji yanapopungua. Themostati ikifunguka, hosi ya juu itapata moto ghafla na maji yataanza kukimbia. Mapovu yasiyokoma ni hewa ya silinda inayoingia kwenye maji: gasketi ya hedi au ufa. Afadhali ulijue leo ukiwa bado na risiti mkononi.

## 11. Safari ya kwanza

Nenda bila mzigo, Malindi hadi Mambrui na kurudi. Simama njiani, fungua boneti, tafuta mvujo, gusa hosi, sikiliza klachi ukiikanyaga na kuiachia. Gea ya kurudi nyuma iingie bila kusaga.

Ukirudi, acha gari lipoe usiku kucha. Asubuhi angalia maji na oili, kaza upya mauntingi, eksosi na belhauzi. Wiki ya kwanza beba nusu ya mzigo. Oili ya kwanza imwage baada ya kilomita 1,000 pamoja na chujio, maana ina uchafu wote uliobaki ndani.

## 12. Logbook

Namba ya injini imeandikwa kwenye logbook, hati ya umiliki wa gari, na sasa hailingani na iliyo kwenye gari. Omba mabadiliko NTSA, mamlaka ya usafiri, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ukiwa na risiti na karatasi za forodha, na gari litakwenda kukaguliwa. Fanya hivyo kabla hujarudi kazini. Ajali ikitokea, bima hutazama namba hiyo, na polisi akiipekua barabarani gari linalala kituoni na mzigo wa mtu juu yake.

Ukishapata logbook mpya, andika kwa rangi ndani ya boneti kilomita ulizobadilishia taimingi belti, na zile zitakazofika wakati wa kuibadilisha tena.